Mbunge wa Jumuiya Aliyeuawa Mutanga Nord

Asubuhi ya Jumatano, tarehe 13 Julai 2016, siku chache tu baada ya Waislamu kumaliza mfungo wa Ramadhani, risasi zilisikika katika mtaa wa Mutanga Nord, kaskazini mwa Bujumbura. Haukuwa usiku wa manane, wala hapakuwa kichakani mahali ambapo doria hupita mara moja kwa juma. Ulikuwa mchana kweupe, katika mtaa wa nyumba zenye nyua na malango ya chuma, wanamokaa watumishi wa serikali, wafanyabiashara na, tuseme kweli, baadhi ya maofisa wetu wenyewe. Aliyeanguka alikuwa mwanamke ambaye watu wengi waliijua sauti yake kabla ya kuijua sura yake: Bibi Hafsa Mossi, Mbunge wa Bunge la Afrika Mashariki, waziri wa zamani, msemaji wa zamani wa serikali, na kabla ya yote hayo, mtangazaji.

Polisi ilitangaza siku ileile kwamba wauaji walikuwa watu wawili waliokuwa ndani ya gari. Habari zilizotoka wakati huo zilieleza kwamba gari la marehemu liligongwa kwanza kwa nyuma, naye aliposhuka kutazama kilichotokea, kama ambavyo angefanya dereva yeyote mwenye akili zake, ndipo alipopigwa risasi.

Tumeona inafaa kuyatazama upya maisha ya kazi ya marehemu katika ukurasa huu, ambao husomwa zaidi kambini na katika vituo vya polisi. Vijana wengi walioingia jeshini na polisi tangu wakati ule humjua Bibi Mossi kwa kifo chake tu. Wanajua kwamba aliuawa. Lakini ukiwauliza Mbunge wa Afrika Mashariki hufanya kazi gani, na kwa nini mtu apange kumwua mwanamke asiyekuwa na hata askari mmoja chini ya amri yake, wananyamaza. Nasi hatuoni jinsi askari anavyoweza kumlinda sawasawa mtu ambaye kazi yake haijui.

Bibi Mossi aliingia katika siasa kwa mlango wa redio. Alifanya kazi katika Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, kabla ya kuitwa serikalini. Wasomaji wenye umri wa kutosha watakumbuka redio ilikuwa kitu gani katika nchi hii wakati wa vita. Gazeti halikufika milimani, na televisheni ilikuwa ya wachache wa mjini. Redio ndogo ya betri ilifika kila rugo, na ilifika pia handakini. Askari wa serikali na wapiganaji wa msituni walisikiliza taarifa ya habari ileile jioni ileile, kila upande ukitaka kujua upande wa pili umesema nini. Mtangazaji aliyefanya kazi katika hali hiyo hujifunza jambo ambalo sisi hufundishwa katika shule ya maofisa kwa jina la nidhamu: kulipima neno kabla ya kulitoa, kutenganisha kilichoonekana na kilichosimuliwa, na kunyamaza pale ujuzi wake unapokoma.

Mwaka 2007 Rais Pierre Nkurunziza alimteua kuwa Waziri wa Habari, Mawasiliano na Mahusiano na Bunge, na pamoja na hayo Msemaji wa Serikali. Tarehe zenyewe zinatosha kuonyesha uzito wa mzigo aliotwishwa. Burundi ilikuwa imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai mwaka huo. Mwezi Desemba kikosi chetu cha kwanza kilitua Mogadishu. Hapa nyumbani vita havijesha: Palipehutu-FNL ilikuwa imetia sahihi mkataba wa kusimamisha mapigano huko Dar es Salaam tarehe 7 Septemba 2006, lakini bunduki hazikunyamaza, na mwezi Aprili 2008 mapigano yalifika tena mpaka kando ya Bujumbura. Mwishoni mwa Mei 2008 pande mbili zilikubaliana upya, na mwezi Aprili 2009 FNL iliandikishwa kuwa chama cha siasa kama vyama vingine.

Msemaji wa serikali katika miezi kama hiyo hutembea juu ya kamba. Sisi tulio katika kazi ya kulisemea jeshi tunaijua kamba hiyo, ingawa yetu ni fupi kuliko yake. Wapo wenzetu wadhanio kwamba msemaji ni mtu wa maneno matamu, ambaye kazi yake ni kupaka rangi ukuta uliopasuka. Hatukubaliani nao hata kidogo. Msemaji husikilizwa na adui pia. Akitoa neno la dharau, mpiganaji aliyekuwa karibu kutoka msituni hurudi ndani. Akitoa ahadi ambayo serikali haiwezi kuitimiza, ahadi hiyo hulipwa na doria itakayotumwa kesho yake. Na akisema uongo, askari wa mstari wa mbele ndiye wa kwanza kuutambua, kwa sababu yeye alikuwapo. Kila neno alilolitamka Bibi Mossi mbele ya vipaza sauti kati ya mwaka 2007 na 2009 lilipimwa na watu waliokuwa na silaha mikononi, ndani ya serikali na nje yake.

Iko sehemu ya wizara ile ambayo watu huisahau, nayo ni Mahusiano na Bunge. Katika kipindi hicho Bunge la Burundi lilikuwa limekwama. Mgawanyiko ndani ya chama tawala uliondoa wingi wa kura ambao serikali iliutegemea, miswada ikarundikana, na mgogoro haukuisha mpaka Juni 2008, wabunge 22 walipopoteza viti vyao kufuatia uamuzi wa Mahakama ya Katiba. Hukumu juu ya uamuzi huo tunawaachia wanasheria. Tunachotaka msomaji akione ni kwamba waziri aliyekuwa na jukumu la kuiunganisha serikali na Bunge aliona kwa macho yake jinsi nchi inavyoweza kusimama kwa sababu tu watu waliochaguliwa hawawezi kukaa na kupiga kura. Hakuna daraja lililovunjwa wala ghala lililochomwa. Walakini kazi ya serikali ililala.

Baadaye alikabidhiwa wizara ya masuala ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kuanzia Desemba 2010 mpaka Novemba 2011 Burundi ilikalia kiti cha uenyekiti wa Jumuiya, na kwa hiyo Bibi Mossi akaliongoza Baraza la Mawaziri. Itifaki ya Soko la Pamoja ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kutumika, tangu tarehe 1 Julai 2010, na kila nchi ilikuwa na visingizio vyake vya kuchelewa. Mwaka huohuo wa 2011 Sudan Kusini ilipata uhuru wake, ikabisha hodi Arusha. Nchi ndogo kuliko karibu zote katika meza ile, nchi iliyotoka vitani juzi, ndiyo iliyokuwa ikiongoza kikao. Wengi wetu hatukulitilia maanani jambo hilo wakati ule, kwa kuwa macho yetu yalikuwa Mogadishu.

Mwaka 2012 akachaguliwa kuwa Mbunge wa Bunge la Afrika Mashariki, na hapa tunaomba tukae kidogo, kwa maana ndipo penye kiini cha habari yetu.

Bunge hilo lilizinduliwa Arusha tarehe 30 Novemba 2001. Kila nchi mwanachama hupeleka wabunge 9, wanaochaguliwa na Bunge la nchi yao, lakini si kutoka miongoni mwa wabunge wa nchi hiyo. Muhula wao ni miaka mitano. Mkataba wa Jumuiya unataka, kadiri inavyowezekana, hao 9 wawakilishe vyama mbalimbali, mawazo mbalimbali, wanawake na wanaume, na makundi mengine ya jamii. Zilipokuwa nchi 5, waliochaguliwa walikuwa 45, na juu yao wakaongezeka mawaziri wanaohusika na Jumuiya, Katibu Mkuu na Mwanasheria wa Jumuiya, ambao huingia kwa vyeo vyao. Maana yake ni kwamba Bibi Mossi alikwisha kukaa katika ukumbi ule kama waziri kabla hajarudi humo kama mbunge kamili. Aliujua kutoka pande zote mbili: upande wa anayejibu maswali, na upande wa anayeyauliza.

Mbunge huyu hana jimbo wala barabara ya kuahidi. Mswada anaoupitisha hauwi sheria mpaka wakuu wote wa nchi za Jumuiya wauridhie, na hata mmoja akikataa, unaweza kufa. Mtu mwepesi wa kuhukumu atasema hiyo ni kazi ya kupoteza nauli. Lakini askari polisi aliyeko Kobero, mpakani na Tanzania, anaishi ndani ya kazi hiyo kila siku. Utaratibu wa kituo kimoja cha mpakani, ambapo lori hukaguliwa mara moja badala ya mara mbili, na kanuni za uzito wa magari ya mizigo, zina sheria za Jumuiya zilizopitia katika Bunge hilo. Afisa uhamiaji anapogonga mhuri kwenye hati ya msafiri kutoka Ngara, anatekeleza maneno yaliyojadiliwa na watu ambao pengine hatawaona maisha yake yote.

Na maneno hayo hujadiliwa kwa lugha gani? Mkataba wa Jumuiya uliandika kwamba lugha rasmi ni Kiingereza, na kwamba Kiswahili kikuzwe kiwe lugha ya mawasiliano mapana. Mrundi aliyefika Arusha na Kirundi chake na Kifaransa chake alianza mbio hatua kumi nyuma ya wenzake. Bibi Mossi hakuwa katika hali hiyo. Katika nchi ambayo Kiswahili kimedharauliwa kwa muda mrefu, kikaitwa lugha ya Buyenzi na ya sokoni, alikuwa mmoja wa watu wa hadhi walioonyesha kwamba lugha hiyo inaweza kubeba mambo ya dola. Tarehe 27 Februari 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya walikubali Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Yeye hakuwahi kuiona siku hiyo. Kwa askari jambo hili si la washairi. Mazoezi ya pamoja ya majeshi ya Jumuiya yanaitwa Ushirikiano Imara, na jina hilo halikuhitaji mfasiri. Askari wetu waliokuwa Mogadishu wanajua ni lugha gani iliyotumika kati yao na Waganda na Wakenya pale ambapo amri haikuwa na muda wa kutafsiriwa mara mbili.

Mkataba unampa mbunge kinga: hashitakiwi kwa neno alilolisema katika kutimiza kazi yake. Ndiyo silaha yake ya pekee. Humlinda dhidi ya hati ya kukamatwa, lakini haimlindi dhidi ya watu wawili ndani ya gari. Ulinzi wa aina hiyo ya pili uko mikononi mwetu, wala hauko mikononi mwa mtu mwingine.

Wiki aliyouawa, mazungumzo ya Warundi yalikuwa yakifanyika Arusha chini ya usuluhishi wa Rais mstaafu wa Tanzania, Benjamin Mkapa. Katibu Mkuu mpya wa Jumuiya, Liberat Mfumukeko, Mrundi, alikuwa ameshika kazi miezi michache tu nyuma. Nchi ilikuwa bado inatokwa damu ya mwaka 2015: mabishano juu ya muhula wa Rais, jaribio la mapinduzi la tarehe 13 Mei, na mauaji ya mmoja baada ya mwingine. Tarehe 23 Mei 2015 Zedi Feruzi, kiongozi wa chama cha upinzani, aliuawa Ngagara pamoja na mlinzi wake. Tarehe 2 Agosti akauawa Jenerali Adolphe Nshimirimana. Tarehe 15 Agosti akauawa Kanali mstaafu Jean Bikomagu, mlangoni kwake. Tarehe 25 Aprili 2016 Jenerali Athanase Kararuza na mkewe waliuawa Gihosha, asubuhi, wakimpeleka mtoto shule. Kutoka siku hiyo mpaka siku ya Bibi Mossi zilipita siku 79, na kwa mgawanyo wa wakati ule matukio hayo mawili yalikuwa katika komini moja ya Ntahangwa.

Msomaji aliyeyafuata majina hayo ataona kwamba wamo wa upinzani na wa chama tawala, wamo wa jeshi la zamani na wa jeshi jipya. Ndiyo maana tunashangazwa na askari ambao, wakitajiwa mmoja wa waliouawa, huuliza kwanza alikuwa wa upande gani. Siku ile ya tarehe 13 Julai, damu haijakauka, simu za mkononi zilikwisha kuwataja wauaji, kila kundi na wauaji wake. Sisi hatutamtaja mtu hapa. Aliyetuma gari lile ni jambo la upelelezi na mahakama, na mwandishi anayevaa sare akianza kugawa hukumu gazetini, amekwisha kuharibu kazi ya wote wawili.

Lipo jambo la zamani zaidi ambalo hatuwezi kulikwepa, hasa tukizungumza na askari juu ya wabunge. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye aliuawa. Hilo kila mtu analijua. Lisilosemwa sana ni kwamba waliuawa pia Pontien Karibwami, Spika wa Bunge, na Gilles Bimazubute, naibu wake. Kwa Katiba ya mwaka 1992, Rais akifariki, Spika ndiye wa kushika nafasi yake kwa muda. Waliowaua hao wawili walikata ngazi yote ambayo nchi ingepandia kutoka shimoni, wala hawakuhitaji kukata zaidi. Vita vilivyofuata vinakadiriwa kuwa vilichukua maisha ya watu 300,000. Na waliofanya tendo hilo walivaa sare ya jeshi. Kulificha hilo ni kuwadanganya makuruta. Jeshi la leo lilijengwa upya kwa sheria ya mwisho wa mwaka 2004, likawaunganisha waliokuwa wakipigana, kwa sababu jeshi lililowaua wabunge lilikuwa limepoteza haki ya kuaminiwa na wananchi.

Kwa hiyo mbunge anapouawa katika nchi hii, Mrundi mzee hahesabu mtu mmoja. Hukumbuka ngazi ile. Tunadhani ndiyo sababu kifo cha Bibi Mossi kilishtua hata watu waliokuwa wakipingana na chama chake, na Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa akakilaani. Bunge la Arusha lilikuwa limebakiza chini ya mwaka mmoja wa muhula wake wakati huo, chini ya Spika Daniel Kidega wa Uganda. Mwezi Desemba 2022 kiti hicho cha Spika kilishikwa na Mrundi, Joseph Ntakirutimana. Wale 9 wa kwetu hawaendi tena Arusha kama wageni, na mmoja wa waliowafungulia njia ni mwanamke aliyeuawa hatua chache kutoka nyumbani.

Turudi Mutanga Nord, kwa maana askari polisi wa zamu atatuuliza: basi yeye afanye nini? Swali ni la haki. Jenerali Kararuza alikuwa askari mzoefu, naye hakuokoka; kwa hiyo jibu haliwezi kuwa kuongeza mlinzi mmoja kwa kila mkubwa. Mtego wa kugonga gari kwa nyuma hutegemea mambo mawili: kwamba wauaji wanaijua saa ya mtu kutoka nyumbani, na kwamba baada ya risasi watapata dakika za kutokomea. Saa ya kutoka nyumbani haijulikani bila mtu kuketi mahali na kutazama, leo na kesho na keshokutwa. Gari lililoegeshwa bila shughuli, dereva asiyeshuka, kijana mgeni anayenunua sigara moja moja kwa saa mbili: hayo huonekana. Na baada ya tukio, askari wa kwanza kufika ana kazi tatu kabla ya kumpigia simu mtu yeyote wa kumsifu: kuzuia watu wasikanyage maganda ya risasi, kuandika majina ya waliokuwapo kabla hawajatawanyika, na kueleza kwa redio gari lilielekea wapi, rangi yake na namba yake hata kama ni nusu. Picha za simu hazimo katika kazi hizo tatu.

Lakini anayeona mambo haya kwanza mara nyingi si polisi. Ni muuza vocha wa kwenye kona, ni mlinzi wa lango la jirani, ni mama anayepanga nyanya kando ya barabara. Wao wako pale tangu alfajiri. Wakiona gari lisiloeleweka, watamwambia askari wanayemjua kwa jina, aliyewasalimia jana na juzi bila kuwadai kitu. Askari ambaye huwafikia siku ya msako peke yake, wao humjibu kwamba hawakuona lolote.